Kidogo Kidogo Mbele Yako

Wapendwa katika Bwana, nilikuwa nimekusudia kuwaandikia wiki hii juu ya shukrani, na hata mistari nilikwisha kuichagua, lakini kila nilipoketi kuandika mawazo yalinitoroka yakaenda kwenye pikipiki. Wengi wenu mnafahamu kwamba nimeanza tena kuiendesha, baada ya ajali iliyonivunja mtulinga na baada ya kipindi kirefu ambacho chombo kilisimama kimefunikwa turubai, nami nikajizoeza kusema kwamba kutembea kwa miguu kunanifaa zaidi. Gari lililotoka upande wa pili lilikata kona mbele yangu kwenye makutano, kama zinavyotokea ajali nyingi za pikipiki, dereva akiwa ametazama na asione. Nilimsamehe mapema kuliko nilivyotarajia, na mfupa uliunga vizuri. Kilichochelewa kurudi ni ujasiri.

Hofu ninayoisema haianzii katika mawazo. Ninapokaribia makutano, hata yakiwa matupu, mwili hunitangulia: vidole vimekwisha kufika kwenye breki ya mbele, mabega yamepanda hadi karibu na masikio, na viganja vimekaza usukani kwa nguvu kiasi kwamba nikiufungua mkono naona alama za mpira wa mshikio zimechapwa kwenye ngozi. Jambo la kusikitisha ni kwamba kukaza huko ndiko kunakoyumbisha pikipiki. Gurudumu la mbele hujirekebisha lenyewe kwa mizunguko midogo midogo isiyoonekana, na mwendeshaji anayejua kazi yake hulipa nafasi, akijishikilia kwa magoti kwenye tangi na kuviacha viwiko vikunjike. Anayeng'ang'ania usukani kwa kuogopa kuanguka huinyima pikipiki uhuru unaoisimamisha. Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi, kwa maana nimeona hofu ikizaa kile kile inachokiogopa, barabarani na kwingineko.

Katika hali hiyo ndugu mmoja, kwa nia njema kabisa, alinikumbusha kwamba Mungu hakutupa roho ya woga. Nikamshukuru. Lakini nilipofika nyumbani niliufungua waraka wa pili kwa Timotheo nikausoma mstari mpaka mwisho, nao unaendelea kusema, "bali ya nguvu na ya upendo na ya moyo wa kiasi." Tunaipenda sana nguvu, tunaukiri upendo, na kiasi tunakiacha kikae mwishoni mwa mstari bila mtu wa kukihubiri.

Mstari ulionishika zaidi, hata hivyo, uko katika Kutoka 23. Sura hiyo tunaijua kwa ajili ya ahadi ya wasafiri: "Tazama, mimi namtuma malaika aende mbele yako, ili akulinde njiani." Nimeusikia ukiombwa kabla ya safari nyingi, nami mwenyewe nimeuomba nikiwa nimeshika funguo mkononi. Ila ni mara chache tunaposhuka hadi aya ya 29 na 30, ambapo Bwana yule yule aliyeahidi malaika anawaambia Israeli jambo ambalo hawakuliomba, kwamba hatawafukuza adui zao katika mwaka mmoja. Na sababu anaitoa waziwazi: nchi isije ikabaki ukiwa, na wanyama wa mwituni wakaongezeka na kuwasumbua. "Nitawafukuza kidogo kidogo mbele yako," anasema, hata Israeli watakapoongezeka na kuirithi nchi.

Ndugu zangu, nimeisoma aya hiyo kwa miaka mingi kama habari za vita vya kale, na wiki hii nimeisoma kama mtu anayezungumziwa yeye. Kwa muda mrefu nilikuwa nikimwomba Bwana aiondoe hofu yangu yote kwa siku moja, niamke asubuhi nikiwa yule wa zamani, niwashe injini na kuondoka. Sikuwahi kujiuliza ingekuwaje kama angenijibu hivyo. Mikono yangu ilikuwa imesahau. Mguu wa kushoto ulikuwa unaitafuta gia na kuikosa, jicho halikuwa likienda kwenye vioo vya pembeni bila kuamrishwa, na mkono wa kulia ulikuwa umepoteza kipimo cha breki ya mbele. Breki hiyo ndiyo yenye sehemu kubwa ya uwezo wa kusimamisha pikipiki, kwa sababu chombo kinapopunguza mwendo uzito huhamia mbele na kulikandamiza gurudumu lile barabarani. Lakini hubanwa kwa kuongeza taratibu, kwani ukiikamata kwa ghafla gurudumu linaweza kujifunga, na gurudumu la mbele likiserereka huna muda wa kusema hata jina la Yesu. Mtu aliyerudishiwa ujasiri wote kabla hajarudishiwa ustadi angeifikia kona ya kwanza kwa mwendo wa zamani akiwa na mikono ya mgeni. Nchi ingekuwa tupu, na wanyama wangeingia: haraka, majivuno, na ile hali ya kujiona umepona kwa sababu tu hutetemeki tena.

Kwa hiyo naanza kuamini kwamba hofu niliyoachiwa ilikuwa inalinda mipaka ya nchi ambayo bado sijaweza kuikalia. Simaanishi kwamba hofu ni mwenyeji. Wakanaani, adui wale wa Israeli, walikuwa wa kuondoka, na hofu nayo ni ya kuondoka. Ninachosema ni kwamba Bwana anajua ni lini ninaweza kulikalia eneo linaloachwa wazi, na hapungukiwi na uwezo anapokwenda taratibu. Wewe unayeomba kwa machozi kwamba woga ukutoke, na kila siku unakuta umebaki sehemu, usihesabu kwamba hukujibiwa. Tazama kama kuna kipande cha ardhi ambacho wiki iliyopita hukuweza kukikanyaga na sasa unakikanyaga. Kama kipo, adui amefukuzwa hapo, na aliyemfukuza ni Bwana, hata kama ng'ambo ya kilima bado unaona moshi wa kambi zake.

Kwangu mimi kipande cha kwanza kilikuwa kidogo kiasi cha kuona haya kukisimulia. Kwanza nilikitengeneza chombo chenyewe, kwa maana pikipiki iliyosimama muda mrefu nayo huwa na majeraha yake: matairi hupungukiwa na upepo, betri hufa, petroli huchakaa, mnyororo hupata kutu, na mafuta ya breki hunyonya unyevu hata yakahitaji kubadilishwa. Kisha nilikwenda kwenye uwanja mpana usio na mtu, nikafanya kazi moja tu ya kuachia klachi polepole mpaka pikipiki inapotaka kuondoka, nikasimama, nikarudia. Siku nyingine nilibana breki kwa mwendo mdogo, nikiongeza kidogo kila mara, mpaka mkono ukaanza kuamini tena kwamba kusimama kunawezekana. Nikajifunza upya kugeuka, na hapo niligundua kuwa mwendo wa polepole mno ni mgumu kuliko mwendo wa wastani, na kwamba pikipiki huelekea mahali jicho linapokaa, hata ukilitazama shimo unalotaka kulikwepa utaliingia. Mithali 4:25 ilinijia pale pale uwanjani: "Macho yako yatazame mbele." Baada ya uwanja ikaja barabara tulivu ya alfajiri, kisha barabara yenye magari machache. Zekaria aliuliza ni nani aliyeidharau siku ya mambo madogo, na jibu langu ni kwamba mimi nilikuwa karibu kuidharau, kwa kuwa mtu mzima anayezunguka peke yake uwanjani kwa gia ya kwanza hapendezi kutazamwa.

Hapa naomba niseme kwa ukali kidogo, nanyi mnivumilie. Tumejenga miongoni mwetu desturi ya kupokea ushuhuda ulioiva tu. Mtu aliyetoka kwenye ajali akisimama na kusema amepona kabisa na haogopi chochote, tunapiga makofi na kuimba. Akisimama mwingine na kusema kwamba leo ameweza kufika mwisho wa mtaa na kurudi huku magoti yakimtetemeka, tunamwombea kwa sauti ya kumhurumia, kama kwamba amekiri dhambi. Wengine humwuliza kila wanapokutana naye, "Umeshapanda?", hata imani yake ikawa inapimwa kwa kipima mwendo. Matokeo yake ni kwamba watu hujifunza kudanganya madhabahuni, na wengine hupanda kabla ya wakati ili kuturidhisha sisi. Daudi hakuona haya kuimba, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe," maana yake siku hiyo ilikuwepo, na aliitaja mbele ya watu. Eliya alipokimbia kuokoa nafsi yake hakupewa kwanza karipio, alipewa usingizi, mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, kisha akaachwa alale tena. Kama Bwana alimvumilia nabii aliyelala chini ya mti wa mretemu, ni nani aliyetuweka sisi kuwaharakisha majeruhi wake?

Na karipio hili lina upande wa pili, kwa vijana wetu wanaoondoka kichwa wazi wakisema damu ya Yesu inatosha. Andiko la malaika wanaolinda linaweza kutumiwa vibaya, na aliyelitumia vibaya juu ya kinara cha hekalu tunamjua, ni Ibilisi. Alimnukulia Bwana wetu zaburi ya 91 ili ajitupe chini, naye akajibiwa, "Usimjaribu Bwana Mungu wako." Torati yenyewe, katika Kumbukumbu la Torati 22:8, inamwamuru ajengaye nyumba mpya afanye ukingo kwenye dari, mtu asije akaanguka kutoka huko na damu ikawa juu ya nyumba. Ukingo huo haukuwa upungufu wa imani, ulikuwa utii. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa mwendesha pikipiki anayepata ajali kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ile iliyonilinda mimi sikuivaa tena, kwa sababu sponji yake ngumu ya ndani hufanya kazi yake kwa kubonyea, na ikishabonyea imemaliza, hata kama kwa nje ni mikwaruzo tu. Nimenunua nyingine. Ninaomba kabla ya kuivaa, na ninaivaa baada ya kuomba, na kamba naifunga.

Nimeulizwa pia na dada mmoja aliyepata ajali kama yangu, ambaye ameamua kuiuza pikipiki yake, kama uamuzi huo ni kushindwa kwa imani. Nilimjibu kwa Kumbukumbu la Torati 20:8, ambapo maakida walitakiwa kuliuliza jeshi lote kama kuna mtu mwenye hofu, na huyo akaruhusiwa kurudi nyumbani kwake. Sikumbuki mahali ambapo aliyerudi alikatwa jina lake katika Israeli. Mimi ninaendelea kwa sababu kazi yangu inanihitaji njiani na kwa sababu, niseme kweli, ninaipenda; yeye hana sababu hizo, na Bwana anaweza kumchukulia kwa miguu au kwa basi.

Lakini anayerudi asirudi peke yake. Yohana Marko aliwaacha wenzake huko Pamfilia, na Paulo alipopanga safari nyingine hakutaka hata kusikia jina lake. Barnaba akamchukua, wakapanda merikebu kwenda Kipro. Matendo ya Mitume hayatusimulii walichozungumza majini, wala mara ngapi Marko aliingiwa na shaka, ila miaka baadaye Paulo yule yule anaandika kwamba Marko aletwe kwake, maana anamfaa kwa utumishi. Kati ya kuachwa na kufaa alikuwapo mtu aliyekubali kusafiri kwa mwendo wa mwenzake. Mwendesha pikipiki anayerudi barabarani anamhitaji mtu wa namna hiyo, atakayemtangulia kwa umbali wa kutosha, asiyekimbia kwenye kona ili aonekane, anayetazama kiooni kama mwenzake bado yupo, na ambaye mwenzake akiashiria kwamba anataka kusimama kando atasimama naye bila kuuliza.

Kipande kinachofuata kwangu ni yale makutano. Nimekwisha kuyapita kwa miguu nikayatazama vizuri, nikaona pale ambapo magari yanayosubiri kukata kona huweza kumficha mtu wa pikipiki, na nimejua ni wapi nitapunguza mwendo na ni upande gani wa njia nitakaa ili nionekane mapema. Nakusudia kwenda Jumamosi asubuhi kabla magari hayajawa mengi, Bwana akipenda. Aliye na pikipiki miongoni mwenu na anayeweza kunitangulia kwa mwendo wa taratibu aniambie kabla ya Ijumaa jioni, na mvua ikinyesha tutaahirisha.