Pikipiki haina breki

Juzi kijiweni hapa Ngamiani nimewaonyesha madereva boda klipu za spidwei, zile mbio za pikipiki kwenye uwanja wa mviringo wa udongo, kwenye simu, hakuna aliyeniamini nilipowaambia zile pikipiki hazina breki kabisa, gia moja tu, injini ya cc 500 na inakunywa methanoli, aina ya alkoholi, siyo petroli. Mmoja akauliza "sasa kona anakataje?" Nikamrudishia pale jamaa anapotupa tairi la nyuma nje, mguu wa kushoto wenye kiatu cha chuma unaburuza chini, vumbi linawarukia wa nyuma. Waendeshaji wanne, mizunguko minne, dakika moja tu kwisha kazi.

Lakini msimu wa 2025 jamani! Brady Kurtz wa Australia kashinda raundi tano mfululizo za mwisho, tano!, na ubingwa wa dunia bado kaukosa kwa pointi moja, 183 kwa 182, maana Bartosz Zmarzlik wa Poland kule Vojens, Denmark, kamaliza wa pili nyuma yake na ikamtosha, likawa taji lake la sita. Mimi nilikuwa upande wa Kurtz, roho iliniuma mpaka chai ikapoa.

Fundi wetu yeye kauliza tu methanoli lita shilingi ngapi.