Kimeo hakikuwa na kosa

Binti yangu alianza kukoroma akiwa na miaka mitatu na nusu. Wala hakuwa na mafua. Alikoroma kama baharia aliyeshinda akivuta nyavu, hata jirani wa chumba cha pili hapa Barabara ya 14, Ngamiani, Tanga, akawa ananiuliza asubuhi kama mtoto kaamka salama. Mdomo wazi usiku kucha, mto umelowa mate. Mchana nikimwita haitiki, nikaona ni ukaidi, nikamgombeza. Hilo linaniuma mpaka leo.

Bibi yake akasema ni kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kikatwe, na fundi yupo. Simlaumu, wengi wetu hapa pwani tumekatwa. Nilishakubali. Ila usiku mmoja nilikaa nikimtazama: anakoroma, ananyamaza kabisa, kifua kinahangaika na pumzi haipiti, kisha anashtuka kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Nikamrekodi kwa simu, dakika tano.

Video ile ndiyo iliyomfanya daktari wa masikio, pua na koo aweke kalamu chini. Akaagiza eksirei ya shingo kwa upande, akanionyesha: nyuma ya pua, juu ya kaakaa, uvimbe umebana njia ya hewa. Ndizo adenoidi, sisi tunaita nyama za puani. Huzioni hata mtoto apanue mdomo vipi. Kila mtoto anazo, huwa kubwa zaidi kati ya miaka 3 na 7 hivi, baadaye husinyaa, kwa hiyo si wote wanaopasuliwa. Kukata kimeo kungemwachia jeraha na damu tu, njia ingebaki imeziba vilevile. Akachungulia na masikio: nyuma ya ngoma kumejaa majimaji. Kumbe mwanangu alikuwa hasikii vizuri!

Tulianza na maji ya chumvi na dawa ya kupuliza puani, wiki sita. Mkoromo ulipungua, lakini pumzi iliendelea kukatika. Akapasuliwa kupitia mdomoni, bila kovu lolote usoni, akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Tulilala wodini usiku mmoja wamwangalie damu na pumzi. Kesho yake akadai uji.

Wiki ya nne nilikuwa jikoni nakuna nazi, nikamwita kwa sauti ya kawaida tu, bila kuinua kichwa.

"Abee, mama," akaitika kutoka uani.