Chupa mbili za puani

Saa tisa usiku. Upepo wa Agosti hapa Dodoma haujatulia tangu jana, na hata shuka nililolitandika jioni tayari lina vumbi ukilipapasa. Nimeamshwa na mkojo, usingizi umegoma kurudi. Ila napumua. Pua zote mbili zinapitisha hewa, mdomo nimefumba, na mtoto anacheza tumboni. Nina ujauzito wa wiki 22, na nimekaa karibu miezi mitatu bila kulala hivi.

Aleji ninayo tangu sekondari. Kiangazi kikianza tu ni chafya asubuhi kumi kwa mfululizo, macho yanawasha, pua inaziba. Kwa miaka minne nimetumia dawa ya kupuliza puani ya budesonidi na maisha yakaenda. Mwezi Mei kipimo kilipoonyesha mistari miwili, nilisoma karatasi ya ndani ya boksi: isitumike wakati wa ujauzito bila ushauri wa daktari. Nikashika nusu ya kwanza ya sentensi. Halafu kuna lile neno steroidi, kundi la dawa ambalo budesonidi imo. Nikawafikiria watu waliovimba uso kwa vidonge na wale walioharibika ngozi kwa krimu za mkorogo. Siku hiyohiyo nikaitupa.

Wiki ya tisa nikazidiwa. Nikaingia duka la dawa karibu na stendi, nikasema pua imeziba, kijana akanipa kichupa kidogo. Hakuniuliza kama nina mimba, na mimi sikumwambia, kwa sababu niliona dawa inayotolewa kirahisi hivyo haiwezi kuwa na neno. Nilipopuliza, dakika chache pua ikafunguka. Nilitokwa na machozi kwa raha. Baada ya wiki tatu nilikuwa naifunga kwenye pindo la kanga nikienda hata kuanika nguo, maana baada ya saa nne tano pua ilijifunga tena, na kila ilipojifunga ilikuwa mbaya kuliko jana.

Mama mkwe aliniambia, "Vumilia mwanangu, mimba ina mambo yake." Hakukosea kabisa. Homoni za ujauzito zenyewe huvimbisha utando wa pua, na karibu mjamzito mmoja kati ya watano hubanwa pua kwa wiki nyingi bila mafua wala aleji, kisha ikaisha ndani ya wiki mbili baada ya kujifungua. Lakini mimi kifua nacho kilianza kubana usiku, na pumu ipo kwenye ukoo wetu. Hapo hapakuwa tena pa kuvumilia.

Daktari wa kliniki aliniomba nimwonyeshe ninachotumia. Nikafungua pindo. Akasoma jina: oksimetazolini. Akanieleza taratibu kwamba dawa hii hubana mishipa midogo ya damu puani, ndiyo maana inafungua haraka, na haipaswi kupita siku tatu, mjamzito au asiye mjamzito. Ukizidisha, ikiisha nguvu mishipa inatanuka zaidi, unapuliza tena, na unakuwa mtumwa wake. Kubana mishipa ya damu mfululizo si jambo la kumzoesha mama mwenye mtoto tumboni. Akanikataza pia vidonge vya mafua vyenye pseudoefedrini, hasa miezi mitatu ya mwanzo.

Kisha akauliza ile ya zamani iko wapi. Nikasema niliitupa. Alinyamaza kidogo.

Ile ndiyo ilikuwa ya kubaki nayo. Dawa ya steroidi ya kupuliza hufanya kazi palepale puani, kiasi chake ni kidogo sana, na kinachofika kwenye damu ni kidogo zaidi. Budesonidi ndiyo iliyofuatiliwa sana kwa wajawazito: Uswidi waliangalia zaidi ya watoto 2,000 ambao mama zao waliivuta kwa ajili ya pumu mwanzoni mwa mimba, matokeo yakatolewa 1999, na kasoro za kuzaliwa hazikuzidi za watoto wengine. Mometasoni na flutikasoni, steroidi nyingine za puani, nazo madaktari huziandika. Triamsinoloni ndiyo wengi huiepuka. Akanipa kipimo cha chini kinachotosha.

Kuachana na kichupa kulinichukua siku kumi. Niliacha tundu moja kwanza, nikapuliza lingine tu ili angalau nipate usingizi, kisha nikaacha la pili. Katikati nilisafisha pua kwa maji ya chumvi: kikombe cha maji yaliyochemka yakapoa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na soda ya kuokea (baking soda) kidogo sana. Maji ya bomba hivihivi, hapana. Na nimejifunza kupuliza upya. Kichwa nainamisha mbele kidogo, mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, ncha ielekee upande wa sikio, isigonge ukuta wa katikati, na nisivute kwa nguvu. Miaka minne yote nilikuwa naielekeza katikati, ndiyo maana nilikuwa natokwa damu.

Bado inaniuma kwamba kwa hofu ya kumdhuru mtoto niliacha dawa iliyochunguzwa nikashika ambayo sikuijua hata jina.

Kesho nina kliniki. Nyuma ya kadi nimeandika swali kwa penseli: nikishajifungua, wakati wa kunyonyesha, niendelee nayo?