Old Fashioned ya karanga, bila mafuta kuelea

Old Fashioned ni kinywaji cha viungo vichache: wiski ya bourbon, sukari, Angostura (kileo kichungu cha kutia matone tu) na ganda la chungwa. Nilitaka yenye ladha ya karanga, na kikwazo kilikuwa mafuta. Ukiloweka karanga kwenye wiski, utando huelea juu ya glasi na kunata mdomoni.

Dawa yake ni friza. Hapa Moshi karanga za kukaanga hazina shida kupatikana. Nachukua zisizo na chumvi, napukuta maganda, nazitwanga kidogo tu, kisha nazilaza kwenye wiski usiku kucha. Nachuja kwa chujio la chai, wiski inaingia friza hadi kesho yake. Wiski ya asilimia 40 haigandi humo, ila mafuta huganda juu kama samli. Nayaondoa kwa kijiko, halafu nachuja tena kwa karatasi ya kuchujia kahawa, wiski ikiwa bado ya baridi kali. Ikipata joto, mafuta yanayeyuka na kupita, kwa hiyo chuja kidogo kidogo, iliyobaki ikae friza.

Kwenye glasi: mililita 60 za wiski hiyo, kijiko cha chai cha asali iliyolegezwa kwa maji moto, mitikiso miwili ya Angostura, barafu kubwa. Asali naipenda kuliko sukari. Inaibeba karanga vizuri zaidi. Mwenye mzio wa karanga asiguse kabisa.