Siku moja maishani mwangu: natunza nyumba ya wanaotafuta utulivu, Kigoma

Saa 11 alfajiri

Mwaloni, wanakoshushia samaki, kunajaa watu kabla hakujapambazuka sawasawa. Mitumbwi ya dagaa inarudi, taa zimezimwa, na anayewahi ndiye anayechagua. Mimi leo sitaki dagaa. Wageni wangu, baba, mama na watoto wawili kutoka Dodoma, jana waliomba migebuka mibichi, kwa hiyo nimeshuka na beseni mapema.

"Shikamoo mama, ya kwako nimeiweka pembeni," kijana mmoja ananiambia.

Heshima hiyo ina historia. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuvua kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, vijana hawa walikaa bila kazi, na mwenye nyumba akawapa kibarua cha kupanga mawe ya kuzuia mmomonyoko kwenye mteremko wetu. Tangu hapo samaki hatukosi, hata siku ambazo mwalo mzima unalalamika.

Saa 1 asubuhi

Nyumba iko kaskazini mwa Kibirizi, upande yanakopita maboti ya kwenda Hifadhi ya Gombe. Ina vyumba vitatu, jiko la nje na baraza linalotazama Kongo. Gari halifiki. Bodaboda inaishia shuleni, kutoka hapo mzigo ni kichwani. Mwenye nyumba anaishi Dar es Salaam. Anapokea nusu ya malipo kwa simu kabla mgeni hajaanza safari. Mengine yote yananiangukia mimi: funguo, shuka, maji ya simtanki, betri za sola, na maswali.

Swali ambalo halikosekani ni kwa nini nyumba haikujengwa pale chini mchangani. Nawaambia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kisha nawaambia la pili, ambalo huwaingia zaidi: ziwa hili lina miaka yake ya kupanda, na likipanda halibishi hodi.

Chai, chapati, mayai ya kienyeji. Watoto wamekula, wazazi wanasinzia juu ya vikombe.

Saa 4 asubuhi

Hapa ndipo kazi yangu hasa ilipo. Baba mwenye familia ananiita pembeni.

"Dada, samahani. Tuliambiwa nyumba imejitenga. Sasa mbona kuna akina mama wanafua pale chini?"

Swali hili huja kwa sura nyingi. Kuna aliyelalamikia jogoo. Mwingine alikuja kuandika tasnifu yake, akataka nimzuie mzee anayepitisha mbuzi nyuma ya nyumba, njia ambayo mzee huyo alianza kuipita kabla nyumba haijawekewa msingi.

"Kaka, ulichokodi ni nyumba na uwanja wake," namjibu. "Ufukwe ni wa kijiji. Hawa wanafua hapa kwa sababu kwingine kuna majani, na kwenye majani kuna konokono wa kichocho. Na wewe watoto wako waogelee hapohapo, usiwapeleke kule kwenye matete."

Ananyamaza. Nikamweleza na lile asiloliona. Nyumba ikiwa na wageni, akina mama hawa hufua asubuhi tu, mchana wanauacha ufukwe wazi. Hawakulazimishwa na mtu. Tulikaa chini ya mwembe na mwenyekiti wa kijiji, tukakubaliana: wao watapisha mchana, nami mboga, kuni na mayai ya nyumba nitanunua kwao, si mjini. Kwa hiyo utulivu anaoulipia mgeni, sehemu yake kubwa unatengenezwa na watu haohao asiotaka kuwaona. Hilo la mwisho sikulitamka. Mgeni ni mgeni.

Baadaye nikamwona mkewe ameshuka na shuka za watoto, anafua nao, wanacheka. Mume alibaki barazani na simu yake.

Saa 7 mchana

Ugali wa muhogo, migebuka ya mawese, matembele. Mtoto mdogo ameukataa ugali, akapikiwa wali.

Saa 9 alasiri

Nabeba daftari la wageni kwenda kwa mtendaji wa kijiji. Jina, namba ya kitambulisho, unatoka wapi, unakwenda wapi, kabila. Safu ya kabila huwachekesha wageni wa mjini, na sijawahi kusikia sababu yake ikielezwa vizuri. Lakini tuko mpakani, ng'ambo ni Kongo na juu kidogo ni Burundi. Mgeni lazima ajulikane.

Na kujificha mwambao huu si jambo jepesi. Mwishoni mwa mwaka 1871 kule Ulaya walikuwa wakijiuliza kama Livingstone, mmisionari na mvumbuzi, yu hai. Ujiji walikuwa wanamwona kila siku. Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, alipokaribia mji, Susi, mtumishi wa Livingstone, alitoka kumlaki njiani. Aliyepotea alikuwa amepotelea Wazungu wenzake tu.

Saa 12 jioni

Jua linashuka kuelekea milima ya Kongo na wageni wote wako barazani na simu zao. Mimi nakagua betri. Leo kulikuwa na mawingu, kwa hiyo naomba pasi isiguswe. Injini za wavuvi zinaanza kunguruma. Mbalamwezi imekwisha, na gizani ndipo taa huvuta dagaa, hivyo usiku huu watatoka wengi.

Saa 2 usiku

"Dada, ule ni mji gani kule mbele?" baba ananiuliza, akinyoosha kidole kwenye msururu wa taa.

"Ni taa za dagaa. Katikati yao yumo kijana aliyekuletea migebuka."

Akaomba kesho nimwamshe saa 11, twende naye mwaloni. Nimemwambia avae viatu vya kulowa.

Saa 3 usiku

Mwenye nyumba amenitumia ujumbe wa mteja mpya wa mwezi ujao. Anauliza kama ni kweli hakuna majirani kabisa. Nimemjibu kwamba majirani wapo, asubuhi wanafua, jogoo wanawika, na mbuzi wanapita nyuma saa 12. Bei ni ileile, laki na nusu kwa usiku, nyumba nzima. Kama bado anataka, atume nusu.