Ulimwona Thorne yupi?

Ubishi kuhusu The Bold and the Beautiful, tamthilia ya Marekani, hauishi kwa sababu watu huanzia kwenye hadithi. Jijini Nairobi, wa Buruburu anasema Taylor alikufa kwenye ajali ya ndege. Wa Umoja anaapa kwamba alipigwa risasi. Wa Lang'ata anawacheka wote wawili: Taylor hajafa, yupo, na bado anamtaka Ridge, aliyekuwa mumewe. Na wote watatu wana haki. Daktari Taylor alidhaniwa amekufa katika ajali ya ndege mwaka 1994, kumbe yuko Moroko kwa mwana wa mfalme aitwaye Omar. Mwaka 2002 akapigwa risasi na Sheila Carter, akaliliwa na akazikwa. Mwaka 2005 akarudi, na aliyemwokoa, usiniulize vipi, ni Omar yuleyule.

Tamthilia za mchana za Marekani hurudia hadithi kwa sababu hazina pa kukimbilia. Hutolewa siku tano kwa wiki mwaka mzima, bila msimu wa kupumzika, vipindi karibu 250 kwa mwaka. Guiding Light ilianza redioni Januari 1937, ikahamia kwenye televisheni 1952 na kufungwa Septemba 2009. Hakuna mwandishi duniani mwenye visa vya miaka 72. Atawaoanisha walewale, atawaachanisha, atawafufua. Kwa hiyo ukitaka kujua ulichokiona kilikuwa cha lini, achana na kisa. Shika sura. Mwigizaji ana mkataba wenye mwanzo na mwisho, na hapo ndipo mwaka unapopatikana.

Kipimo bora kuliko vyote ni Thorne Forrester, yule mdogo wake Ridge aliyeishi kivulini. Clayton Norcross alimwigiza tangu tamthilia ilipoanza Machi 1987 hadi 1989. Jeff Trachta akamrithi kuanzia 1989 hadi 1996. Huyu ndiye Thorne aliyekuwa akiimba na mkewe Macy, aliyeigizwa na Bobbie Eakes, na nyimbo walizoimba wawili hao zilipendwa sana Uholanzi. Winsor Harmon akaingia 1996 na ndiye aliyedumu kuliko wote. Ingo Rademacher akaja 2017. Mtu akikuambia anakumbuka arusi ya Thorne na Macy, usibishane naye kuhusu arusi, maana hao walioana zaidi ya mara moja. Muulize Thorne alikuwa na sura gani. Akikuelezea Trachta, una kipande cha miaka saba badala ya thelathini.

Hapo kuna mtego mmoja. Sura inakupa mwaka ambao kipindi kilirekodiwa, haikuambii mwaka ulipokaa sebuleni ukakitazama. Kituo cha nje hununua furushi la vipindi, na furushi lenyewe linaweza kuwa nyuma ya Marekani kwa miaka kadhaa. Ndiyo maana watu wawili, mmoja aliyetazama Nairobi na mwingine aliyekuwa na shangazi ughaibuni, wanaweza kutaja mwaka mmoja na visa viwili visivyokutana. Mwaka wa kutazama utafute kwa mambo ya nyumbani: ulikuwa darasa la ngapi, na je, TV ilikuwa Greatwall ya nyeusi na nyeupe au tayari mlikuwa na ya rangi? Waliotazama kwenye nyeusi na nyeupe, kwa heshima zote, wakae kando mjadala ukifika kwenye rangi ya nguo za Brooke, mpinzani wa Taylor kwa Ridge.

Zipo nyuso ambazo hazikusaidii kitu. Katherine Kelly Lang amekuwa Brooke Logan, na John McCook amekuwa Eric Forrester, tangu 1987. Kwenye tamthilia dada yake, The Young and the Restless, Eric Braeden amekuwa Victor Newman tangu 1980. Ukitaka kupima mwaka kwa watu hawa utabaki unakadiria mvi. Susan Flannery naye alikuwa Stephanie, mamake Ridge, mmoja tu, kutoka kipindi cha kwanza hadi Novemba 2012, Stephanie alipofariki kwa saratani ya mapafu mikononi mwa Brooke, adui wake wa robo karne. Nitasema wazi: hakuna aliyemfikia yule mama. Kabla ya hapo alikuwa Laura Horton kwenye Days of Our Lives, akapata tuzo ya Emmy ya mchana 1975, kisha akaongeza tatu akiwa Stephanie: 2000, 2002 na 2003. Mtazame anavyompiga mtu kofi. Mkono unatoka chini, bega halitangulii, na anayepigwa hapati nafasi ya kujitayarisha usoni. Wengine walitangaza kofi sekunde mbili kabla halijafika.

Ridge ni rahisi. Ronn Moss hadi 2012, Thorsten Kaye kuanzia Desemba 2013. Lakini kuna wachache wanaosema walimwona Ridge wa tatu na wanachekwa bure. Mwaka 1992 Lane Davies alimshikia Moss nafasi kwa muda mfupi, na Davies ndiye aliyekuwa Mason Capwell kwenye Santa Barbara. Kwa hiyo ukikumbuka Mason akimbembeleza Brooke, hujaota.

Watoto ndio wanaovuruga hesabu kabisa. Bridget, binti ya Brooke, alizaliwa kwenye tamthilia mwaka 1992. Kufikia 2000 alikuwa msichana mkubwa wa kuolewa, akiigizwa na Jennifer Finnigan, aliyechukua Emmy tatu mfululizo, 2002 hadi 2004, kabla ya Ashley Jones kushika nafasi. Kaka yake Rick, wa 1990, alikuwa kijana wa kutongoza mwaka 1997. Hope alizaliwa 2002, tunda la Brooke na Deacon, mume wa bintiye mwenyewe. Mwaka 2010 akarudi akiwa Kim Matula, mwanamwali. Huku kwetu mtoto akienda bweni hurudi likizo na sanduku la nguo chafu. Kule hurudi na ndevu. Sababu ni za kazi. Sheria ya California inabana saa ambazo mtoto anaweza kukaa studioni na inadai mwalimu awepo, kwa hiyo kila tukio lenye mtoto linakula muda ambao tamthilia ya kila siku haina. Tena mtoto wa miaka minane hawezi kuingizwa kwenye mapenzi, na bila mapenzi hana kazi. Usipige hesabu ya mwaka kwa umri wa mtoto wa Forrester. Utakosea kwa miaka kumi na utatetea kosa lako hadi usiku wa manane.

Kwa nini sura zilibadilishwa hivyo? Mkataba. Mwigizaji alikuwa akifungwa kwa miaka mitatu au zaidi, lakini mtayarishaji alikuwa na haki ya kumwachisha kazi kila baada ya wiki 13. Mwigizaji mwenyewe hakuwa na mlango kama huo. Mkataba ukiisha na wasipoelewana kuhusu pesa, mhusika anapanda ndege, anaanguka baharini au anatekwa, na mwili hauonekani. Mwili usipoonekana, jua waandishi wameacha ufunguo chini ya zulia. Mwigizaji mpya akiingia, kipindi chake cha kwanza huwa na sauti ya mtangazaji juu ya picha ikisema nafasi ya fulani sasa inaigizwa na fulani. Sauti hiyo ni dhahabu kwa anayetafuta tarehe.

Sally Spectra, mwenye kampuni ya mitindo iliyoshindana na ya akina Forrester, ni kisa tofauti, na nadhani walifanya la heshima. Darlene Conley alipofariki Januari 2007, hawakumpa mtu mwingine zile nywele nyekundu. Miaka kumi baadaye wakamleta mjukuu wa ndugu yake mwenye jina lilelile, akiigizwa na Courtney Hope, ambaye mwaka 2020 alihamia The Young and the Restless na Sally wake mkononi. Hilo liliwezekana kwa kuwa tamthilia zote mbili zimezaliwa na William J. Bell na mkewe Lee Phillip Bell.

Waigizaji wanaohama hubeba ubishi kwenye mizigo yao. Joseph Mascolo alikuwa Stefano DiMera, yule shetani wa Days of Our Lives, kisha kuanzia 2001 akawa Massimo Marone, aliyegundulika kuwa baba mzazi wa Ridge. Lesley-Anne Down alikuwa Olivia kwenye Sunset Beach, kisha Jackie, mamake Nick Marone. Na Nick, yule baharia, ni Jack Wagner, aliyepata jina akiwa Frisco kwenye General Hospital. Mtu akisema Olivia wa Sunset Beach alikuwa na mtoto baharia, tayari unajua amechanganya wapi. Sunset Beach yenyewe haina maneno mengi: ilianza Januari 1997 ikafungwa siku ya mwisho ya 1999, vipindi 755. Ni kati ya chache ambazo mtu anaweza kuapa kwamba alizimaliza.

Ukitafuta vipande mtandaoni, andika jina la mwigizaji pamoja na la mhusika. Ukiandika kisa, kwa mfano Brooke na Ridge wanaoana, utaletewa arusi za miongo mitatu zikiwa zimerundikwa pamoja. Mwaka ulioandikwa kwenye kipande mara nyingi ni wa kukipakia tu. Tazama umbo la picha. The Young and the Restless ilianza kurekodiwa kwa picha pana na safi mwaka 2001, lakini The Bold ilisubiri hadi 2011. Kwa hiyo kipande cha The Bold chenye picha pana na vichwa vilivyonenepa, nyuso kama zimekaliwa, ni cha kabla ya 2011 na mtu amekivuta kujaza kioo. Guiding Light nayo ina alama yake: mwaka 2008 walianza kurekodi kwa kamera ndogo za kushikwa mkononi katika nyumba za kweli huko Peapack, New Jersey, na picha ikawa inatikisika. Nia ilikuwa kuokoa pesa. Haikuiokoa tamthilia.

Halafu kuna 2020. Kazi ilisimama Machi kwa sababu ya korona, na The Bold ikawa ya kwanza kurudi studioni, mwezi Juni. Waigizaji hawakuruhusiwa kukaribiana, kwa hiyo walitumia midoli yenye umbo la mtu na wake na waume halisi wa waigizaji katika matukio ya mabusu. Ukiona mtu anambusu mpenzi ambaye kamera inakataa kabisa kumwonyesha uso, huna haja ya kuuliza mwaka.

Na ile hoja ya kwamba "kila Ijumaa walikuwa wanakata kwenye utamu"? Ni kweli, kwa Marekani. Wiki yao iliandikwa hivyo: Jumatatu kushughulikia bomu la Ijumaa, katikati ya wiki watu wanasimuliana yale ambayo umeshayaona, Ijumaa bomu jipya. Masimulizi ya katikati yaliwekwa makusudi kwa ajili ya aliyekosa siku moja, na ndiyo maana stima ikipotea Jumatano hukupoteza kitu. Ila kituo cha huku kikiruka siku moja tu kwa sababu ya sikukuu au mpira, mpangilio unateleza, na bomu la Ijumaa linakuangukia Jumanne. Kwa hiyo usitumie siku ya wiki kama ushahidi wa chochote.

Telenovela za Mexico zina kanuni nyingine, kwa kuwa zenyewe huisha. Pale mwigizaji ni mmoja na wahusika ni wengi. Thalía alikuwa María Mercedes, kisha Marimar mwaka 1994, kisha María la del Barrio 1995, wote wasichana maskini wenye Maria ndani ya jina. Ile ya tatu ni Los ricos también lloran ya 1979 iliyopikwa upya, ambayo steling wake alikuwa Verónica Castro. Hapo hadithi inafanana kwa sababu ni ileile. Tena usitegemee sauti, maana ile uliyoisikia ilikuwa ya mtu mwingine aliyeingizwa juu.

Kanuni ya kushika sura ina mhusika mmoja aliyeishinda, na bila shaka ni Sheila Carter. Kimberlin Brown alimwanzisha kwenye The Young and the Restless mwaka 1990, akamwibia Lauren Fenmore mtoto, akadhaniwa ameungua kwenye moto, na 1992 akaibukia The Bold. Hadi hapo sura na jina vinakwenda pamoja. Kisha 2006, akiwa amerudi The Young and the Restless, Sheila akapasuliwa uso afanane na Phyllis, mhusika mwingine wa humo, na Michelle Stafford, ambaye ndiye Phyllis, akawa anaigiza wote wawili hadi 2007. Mwaka 2017 Brown akarudi The Bold na uso wake wa zamani. Kwa kipande cha 2006 na 2007, uso hautakwambia lolote. Tazama anamwandama nani: akiwa anamwandama Lauren, huyo ni Sheila.