Choo kiko wapi?
Tangu nipigwe kiharusi mwaka juzi, hilo ndilo swali langu la kwanza kila ninapofika mahali. Mguu umerudi, namshukuru Mungu. Kibofu ndicho kimegoma. Mkojo ukinibana sina hata dakika mbili. Siku moja foleni ya Ubungo ilinikuta ndani ya daladala, nikalowa, nikajifanya nimemwagikiwa maji ya chupa. Konda alijua. Akanyamaza.

Nilidhani ni uzee (nina miaka 46 jamani!). Daktari akasema ubongo ndio unaokiambia kibofu "subiri", na kiharusi kimeharibu mawasiliano hayo. Wakapima mkojo kama una maambukizi, wakaangalia kwa utrasaundi kama unabaki baada ya kukojoa.

Sasa naenda chooni kwa saa: kila baada ya saa mbili, nibanwe nisibanwe. Chai nimebakiza kikombe kimoja, na hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko yote. Maji sikuacha, nilipojaribu, mkojo ukawa mkali, ukanibana zaidi. Vidonge vinasaidia ila vinakausha mdomo balaa.

Leo nimetoka Mbagala hadi Posta na kurudi. Suruali ya akiba imerudi kwenye begi haijakunjuliwa.